Wigi la Kumficha Mama

Basi lilikuwa nusu tupu, ndiyo maana nilisikia yote. Mama wa makamo, msusi kwa kazi, alimwambia binti aliyekaa naye kwamba wigi lake limekwenda upande.

"Asante, mama. Nywele zangu zimenyonyoka zote. Daktari anasema kinga ya mwili wangu mwenyewe inaishambulia mizizi."

"Pole, mwanangu. Na wigi unamvalia nani?"

"Mama yangu. Kila Jumamosi alinibana magotini akanisuka, nami nikilia kwamba ananivuta. Akikiona hiki kichwa atasema ni mikono yake iliyoniharibu."

"Mwambie ni ugonjwa, si mikono."

"Humjui huyo."

"Nawajua wote. Mama anayesuka hakusalimii kwa mdomo, hukusalimia kwa vidole kichwani. Utamficha wapi?"

Mimi, ambaye sikuulizwa, nilijishika utosi.

Binti alicheka, kisha sauti ikamshuka. "Siku hizi natamani anivute tena mpaka machozi yanitoke."

Basi likasimama. Kituoni mwanamke mfupi alikuwa ameshanyoosha mikono. Binti akashuka, kiganja juu ya wigi, na sikujua kama analishikilia au analivua.