Ndugu Petronila Nyangi na Picha Zisizokuwa na Watu

Tarehe 30 Juni 1979 Ndugu Petronila Nyangi anastaafu, baada ya miaka ishirini na mitano ya kazi. Alianzia Musoma, enzi za Mwingereza, akiwafundisha kina mama kusoma na kushona. Uhuru ulipopatikana akahamishiwa ofisi yetu ya maendeleo hapa Bunda awe mchoraji, kwa sababu mchoraji tuliyekuwa naye akichora kuku, darasa zima lilidhani ni birika.

Nimekaa naye meza moja kwa muda mrefu. Alichora kila tulichomwagiza: choo, kisima, mama anayenyonyesha. Ng'ombe aliyemchora kwa ajili ya somo la chanjo alipendeza kupita kiasi. Wafugaji walibishana ni wa zizi la nani, na chanjo ikasahaulika.

Mwaka 1974 watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa. Karibu na Kibara kikaanzishwa kijiji kipya: wavuvi wa ufukweni waliwekwa upande huu wa njia, wafugaji waliotoka bara upande ule. Wakawa wanachota maji kisima kimoja bila kusalimiana. Tukaagizwa kutengeneza mabango ya umoja. Petronila akachora mikono mingi imeshika jembe moja, tukayabandika kwa uji wa muhogo. Kulipokucha, mbuzi walikuwa wameula umoja wote, wakabakiza viganja.

Petronila alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaanza kupita nyumba hadi nyumba, akimuuliza kila mtu siku ile ya kuhama aliumia nini moyoni. Aliporudi alifumua magunia, akayawamba kwenye mbao, akapaka rangi iliyobaki ya milango ya ofisi, buluu ya kufulia, masizi na udongo mwekundu. Hapakuwa na mtu wala mnyama, ni rangi tupu zikivutana na kuachana. Nilimuuliza sababu.

"Nikichora mvuvi, mfugaji atasema hayamhusu," alinijibu. "Nikichora mfugaji, mvuvi ataondoka."

Mwezi Mei mwaka uliofuata alizitundika picha hizo kwenye ghala la pamba la kijiji, lililokuwa tupu likisubiri msimu. Mkuu wetu wa ofisi wakati huo, Ndugu Silasi, alikuja kukagua. Alizunguka ghala lote, akasimama.

"Ndugu Petronila, mtu yuko wapi hapa?"

"Sogea kidogo mbele ya picha, Ndugu Silasi. Hapohapo. Sasa yupo."

Tulicheka. Yeye hakucheka. Wageni wa mkoa walitarajiwa kesho yake, naye alitaka picha za majembe. Akasema picha zitoke siku hiyohiyo, la sivyo Petronila angehamishwa kituo. Hilo halikuwa jambo dogo: mama yake alikuwa mgonjwa kule Buswahili, na kila Jumamosi Petronila alikwenda kumuogesha na kumpikia. 

"Waache wanakijiji wenyewe wazione kwanza," alisema. "Wakiondoka, nitazitoa kwa mkono wangu."

Watu walikuja mchana. Mwanzoni wengine wakachungulia nyuma ya magunia kama ng'ombe kafichwa huko. Kisha Mzee Keraryo, mfugaji, akasimama mbele ya picha ya udongo mwekundu iliyopasuliwa na mstari wa masizi. Akavua kofia.

"Hii ni zizi ya baba," akasema. "Siku nilitoaga ng'ombe ya mwisho."

Mama Getruda, mjane wa mvuvi, nyumba yake ikitazamana na ya mzee huyo, akageuka. "Hapana, mzee. Hii ni yangu. Ni siku niliachaga kaburi ya mume wangu kule ziwani. Nilimwambia huyu dada mwenyewe."

Mzee akamtazama Petronila.

"Ni kweli, ni ya mama," Petronila akasema. "Lakini na wewe hujakosea, mzee."

Keraryo aliizungusha kofia mikononi. Halafu akamuuliza Getruda, "Alikuwaga anaitwa nani?"

"Thadeo."

"Pole sana, mama."

Lilikuwa neno la kwanza kati yao tangu wahamie pale. Wakaketi juu ya mzani wa pamba wakaongea hadi jua likaegemea. Ndugu Silasi alikuwa mlangoni, ameshika nyundo ya kung'olea misumari. Aliwasikiliza, akaitia nyundo katika mfuko wa koti, akasahau kuitoa. Kesho yake mpini ulikuwa bado umechomoza wakati akiwaeleza wageni kuhusu "maendeleo ya moyo", maneno ambayo hata yeye hakuweza kuyafafanua. Picha hazikutolewa; moja aliyokwisha kuing'oa aliirudisha juu chini, na Petronila akaiacha hivyo.

Si wote waliopatana. Familia kadhaa zilirudi ufukweni kabla mwaka haujaisha. Lakini kisimani salamu zilianza, na Keraryo akawa anampelekea Getruda maziwa ya mgando, kibuyu kikirudi na ngege wawili wakavu, samaki wa ziwani. Petronila hakuhamishwa, wala hakupandishwa cheo. Alimuuguza mama yake mpaka siku ya mwisho, na hatukuwahi kumsikia akidai kingine.

Wiki iliyopita tulimuuliza atafanya nini akirudi kwao Buswahili. Alisema atalala kwanza. Halafu atapanda viazi. Halafu atatuchora sisi, mmoja mmoja, kwa jinsi tulivyo ndani. Tangu siku hiyo watu wamekuwa wapole sana hapa ofisini, na chai yake haipoi.

Asante, dada yetu. Afya iwe yako, shamba likukubali, mlango wako usikose mgeni. Na sisi, tafadhali, utuchore kwa huruma.