Adjudant Ruphin Kasimba, Aliyejihesabu Mwenyewe

Ndugu, majirani, na ninyi wanajeshi mliotoka kambini kuja kumsindikiza: maneno haya yanasomwa na mdogo wake, mwalimu Marcellin wa Wamaza.

Ruphin Kasimba alizaliwa tarehe 3 Agosti 1967, katika kijiji cha wakulima karibu na Kasongo, mtoto wa pili wa mzee Dominique na mama Marguerite. Mwaka 1973 kaka yake mkubwa, Amani, alipelekwa kutahiriwa pamoja na wenzake. Damu yake haikukatika, akafa siku ya tatu. Mama Marguerite alisema hakuna mtoto wake mwingine atakayeguswa na wembe, na mzee Dominique hakubishana naye. Jambo hilo likafichwa nyumbani. Mtoto wa kiume wa huku kwetu haulizwi kama ametahiriwa. Watu wanajua tu kwamba ndiyo.

Alisoma Kasongo, akapata diploma ya uuguzi mwaka 1988, na mwaka 1991 akaingia jeshini, alikopanda hadi cheo cha adjudant. Askari walimwita dokta. Aliwafunga vidonda na aliwatahiri wale waliotaka, mamia yao, na hata mmoja hakumfia mikononi. Alikuwa na sauti mbaya sana ya kuimba, na aliimba kila alipochemsha vyombo ili anayengoja zamu asisikie vyuma vinavyogongana.

Tarehe 9 Septemba 1995 alimwoa Mwanvua, binti wa mzee Moustapha, Mwislamu anayeheshimika Kabambare. Mahari ilipokelewa, maswali mengi yakaulizwa, lakini lile moja halikuulizwa.

Mwaka 2014, akiwa amehamishiwa Kabambare, ililetwa kazi ya kuhesabu: wanaume wangapi wametahiriwa jeshini, na wangapi kati ya raia. Askari walivua nguo mbele yake kwenye ukaguzi wa afya, na kati ya 212 alikuta 187. Raia walifuatwa milangoni na watu wa fomu, wakaulizwa kwa mdomo. Kati ya 240, wote 240 walisema ndiyo.

Hesabu hiyo iliposikika, askari hawakupata amani. Sokoni walichekwa, wakaulizwa watakwenda lini porini kwenye jando. Baba wawili walikataa posa za askari hapo hapo. Kambini hasira zilipanda, na watu wenye bunduki wakikasirika, wenye akili hufunga maduka mapema. Ukaitishwa mkutano. Marehemu alisimama akasema:

"Kwa jeshi tuliangalia. Kwa raia tuliuliza. Kuangalia na kuuliza haiko kitu kimoja."

Watu wakacheka. Mmoja akapaza sauti: "Dokta, hapa kwetu nani anaweza kudanganya juu ya ile kitu?"

Mzee Moustapha alikuwa amekaa mbele kabisa. Marehemu alimtazama, akajibu: "Miye. Miye niko mutoto wa Kasongo. Kama mungeniuliza, ningesema ndiyo, sababu ya haya. Sikutahiriwa."

Siku hiyohiyo mzee Moustapha alimwita binti yake nyumbani, akamwambia asirudi kwa mume. Mwanvua alikaa kwa baba yake wiki tatu. Kila alipoulizwa alijibu lilelile: "Baba, miye ndiye bibi yake. Ile munasikia leo, miye najua tangu miaka kumi na tisa." Wiki ya nne mzee mwenyewe alimtafutia pikipiki, akamlipia.

Marehemu aliituma ile karatasi ya hesabu baada ya kuisahihisha kwa mkono wake: askari 213, waliotahiriwa 187, na pembeni akaandika kwamba raia hawakuangaliwa. Miezi iliyofuata wanaume walimjia kwa mlango wa nyuma, baba wa familia, mmoja na mvi zake. Aliwatahiri wote. Majina yao hakuyaandika popote, na hata mkewe hakumtajia.

Alistaafu mwaka 2021, akarudi Kasongo kulima. Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Alivumilia kuliko tulivyoweza kumtazama, na tarehe 11 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, alituaga mikononi mwa Mwanvua. Jana wazee wawili walinong'ona kama inafaa wanaume wa ukoo wamwoshe mtu wa namna ile. Askari sita walisimama, wakaingia kumwosha. Niliingia nao.

Ameacha mjane, Mwanvua, watoto watatu, Laetitia, Plamedi na Faida, wajukuu wanne, na mdogo mmoja, mimi. Ndugu zangu, Mama Marguerite alikuwa na wana watatu, na neno lake baada ya kifo cha Amani lilinihusu mimi pia. Mtu wa fomu alipofika mlangoni kwangu Wamaza, upande wa Kabambare, nilisema ndiyo. Siku ya mkutano nilikuwa mstari wa pili, kaka akasimama peke yake, akanitazama mara moja tu, akanyamaza juu yangu hadi kufa kwake.

Raia walikuwa 240. Waliosema kweli hawakuzidi 239. Kaka, nisamehe, nimechelewa miaka kumi na moja. Mungu akupokee, ulale salama.