Vidonge vya Usingizi na Mrija wa Jirani

Shikamooni wazee, na wenzangu wote wa jumuiya nawasalimu. Nimeombwa niseme neno kabla hatujafunga sala, na nitalisema nikiwa nimesimama, maana kuna wakati kusimama kulinishinda.

Mnanijua, wengi tulivuka pamoja kutoka Burundi. Tulipofika hapa kambini Lukole nikawa silali. Nikifumba macho nasikia risasi. Zahanati ya kambi ikanipa vidonge vya usingizi, na nesi akaniuliza, "Baba, unatumia pombe? Bangi je?" Nikajibu hapana, tena kwa sauti ya mtu mwema. Ndugu zangu, nawaambia, moyoni sikuona kama nimedanganya. Kwetu mlevi ni yule anayelala njiani. Pombe ya ndizi ni ya kumpokea mgeni, na bangi nilikuwa navuta kidogo kwenye kiko, mgongo upoe baada ya kibarua cha kulima kule Ntobeye.

Na mambo ya mrija mnayajua. Chungu cha pombe kiko katikati, mwenye nyumba ameonja wa kwanza, anakupa mrija. Ukikataa, umesema ameweka sumu. Hapa kambini, ambapo kila mtu anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni, nani angethubutu? Nilikunywa, kisha nikarudi nyumbani nikameza kidonge changu.

Mwanzoni nililala kama mtoto mchanga. Sitawaficha, ilikuwa raha, na ndiyo maana nikaanza kuvichanganya kwa makusudi. Nikawa mzito. Nilisinzia shambani nimeshika jembe, mwenye shamba akaniambia nisirudi tena. Mke wangu aliponisema nilimjibu kwamba vidonge ni vya daktari, vitanidhuru vipi?

Ikaja Jumapili jirani anasherehekea kuzaliwa kwa mtoto wake. Nilimeza kidonge mapema, mchana, nikavuta kiko, nikashika mrija. Kichwa kikaangukia chungu. Watu wakacheka: amelewa huyo, mwacheni. Mke wangu peke yake hakucheka. Aliona midomo imebadilika rangi, na pumzi zinakuja kwa kuchelewa. Akapiga yowe. Wakanibeba kwa machela mpaka zahanati, na huko mke wangu akasema yote, pombe, bangi, kila kitu. Nesi alinieleza baadaye kwamba dawa ile inapunguza pumzi, na pombe nayo inapunguza pumzi, na ukiongeza bangi hatari inazidi. Vikikutana mwilini mtu anaweza kulala moja kwa moja.

Nilipozinduka mke wangu hakulia. Alikuwa amekasirika. "Nilikuvusha mto wewe ukitetemeka kwa homa, risasi nyuma yetu. Leo unataka nikuzike kwa sababu ya kuona haya?" Hapo ndipo nilipoamua kuacha.

Nilitaka kuvitupa vidonge siku ileile. Nesi akanikataza, akasema kuviacha ghafla nako ni hatari, akanipunguzia kidogo kidogo. Pombe na bangi niliacha. Nilitetemeka, nilitukana watu ambao hawakunikosea kitu. Lakini kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kurudi kwa jirani yuleyule na kuukataa mrija. Nikasema, "Chungu chako sikiogopi, jirani. Naogopa dawa yangu." Alinuna kweli. Lakini nilipokwenda tena alikuwa ameniwekea kibuyu cha maji ya ndizi ambayo hayajachachuka, akaonja yeye kwanza, akanipa.

Namshukuru huyo, nawashukuru mlionibeba, namshukuru nesi aliyenifokea bila kunifukuza. Ndoto bado zinakuja, lakini zinanikuta nina akili yangu. Ukiulizwa zahanati unatumia nini, taja vyote, hata kile ambacho kwenu hakiitwi pombe. Nesi si polisi, anataka tu kujua tumboni mwako kuna nini kabla hajaongeza kingine. Na wewe unayemkaribisha mtu, akikataa usimlazimishe.

Mke wangu amekaa pale nyuma. Nilimwambia nikificha jambo lolote leo, asimame aseme. Bado amekaa. Basi na mimi naketi.