Mzee Geti na Mtihani Uliotungwa Mara Mbili

Tarehe thelathini mwezi huu, fundi mkuu wa kompyuta wa chuo chetu cha uuguzi anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Jina lake la kwenye faili wanalijua wachache. Wengine wote, kuanzia mkuu wa chuo hadi mama wa usafi, tunamwita Mzee Geti, naye huitika.

Jina hilo lilianzia getini kweli. Aliajiriwa kama mlinzi, akakaa miaka kumi na mmoja kwenye kibanda chenye dirisha moja, akiandika kila anayeingia: saa ngapi, anatoka wapi, anamwona nani. Wanaotoka aliwakagua zaidi ya wanaoingia. Mkuu wa chuo wa wakati huo alifunguliwa buti la gari siku yake ya kwanza kazini. Akanuna wiki nzima, kisha akampeleka mlinzi huyo masomo ya kompyuta, kwa kuwa alitaka mtu asiyemwonea mtu haya kazini.

Alirudi na cheti, lakini ulinzi haukumtoka. Kila kompyuta ya ofisini aliiwekea faiawoli, yaani programu inayokaa kati ya kompyuta na mtandao, inayoamua kipi kiingie na kipi kitoke, na kuandika yote. Kila asubuhi kabla ya chai aliisoma orodha hiyo, miwani imeshuka puani, akiguna kama anayesoma barua ya shemeji msumbufu. Kisha akaanza kutuandama kuhusu kompyuta za nyumbani. Hapa mna mimi, alisema, nyumbani mna nani? Tulimcheka. Mhasibu alimjibu kwamba kwake kuna picha za harusi tu, mwizi gani atahangaika nazo.

Mimi, katibu wa mitihani, nilimcheka kuliko wote. Kompyuta yangu ya nyumbani ilikuwa na faiawoli aliyoniwekea mwenyewe, ila ilikuwa na maswali hadi kero: programu hii inataka kutoka, uiruhusu? Nikaizima. Nilikuwa na kinga ya virusi, nikaona inatosha. Na kwenye kompyuta hiyo hiyo, kinyume cha kanuni, nilikuwa naandaa mtihani wa mwisho wa wanafunzi mia moja na themanini.

Wiki mbili kabla ya mtihani kompyuta ikawa nzito, nikamwita. Alifika Jumamosi mchana, akaketi kwenye meza ya kulia chakula, kati ya pasi na rundo la sare za watoto, akaiwasha faiawoli bila kunigombeza. Tukanywa chai. Baada ya robo saa akanigeuzia skrini. Mistari mia moja na arobaini. Kila mstari ulikuwa kompyuta fulani huko duniani iliyojaribu kuingia kwangu, ndani ya muda wa kikombe kimoja.

Nilimuuliza nimewakosea nini watu hawa. Akacheka. Hakuna anayekujua, akasema. Ni mitambo inayozunguka mtandaoni ikijaribu kila mlango, na ikikuta uliolegea inaingia, awe mwenyewe ana siri za serikali au picha za harusi. Na kinga ya virusi je? Hiyo ni chanjo, alinieleza kwa lugha ya chuo chetu: inayajua magonjwa iliyofundishwa, lakini haisimami mlangoni. Nimefanya kazi na kompyuta miaka ishirini, na siku hiyo ndipo nilipoona kwa macho yangu kwamba mlango wangu uko kando ya njia ya wapitao wote.

Kisha akaacha kucheka. Kulikuwa na mstari mmoja wa kutoka, si wa kuingia. Programu ya kalenda niliyoipakua bure, yenye maua mazuri, ilikuwa inajaribu kutuma mafaili yangu nje, na faiawoli ilikuwa imeizuia. Nilimwambia, "Mzee, niambie mtihani haujatoka."

Akavua miwani. "Leo haujatoka, mwanangu. Zile siku ulizoizima, hakuna aliyekuwa anaandika. Siwezi kukwambia nisichokijua."

Ningempa chochote aseme neno moja la kunituliza. Alisuuza kikombe chake, akaniuliza kama mkuu wa chuo huwa nyumbani Jumamosi, akanisubiri nichukue mkoba. Njia nzima hakunilaumu hata kidogo.

Mtihani ukafutwa. Kwa siku tisa wakufunzi wanne na mimi tulitunga mwingine hapa chuoni, yeye akiwa chumba cha pili akituchungia mashine. Kama ule wa kwanza ulifika mikononi mwa mtu, hatukujua kamwe. Tunachojua ni kwamba wauguzi wa mwaka ule wako wodini leo kwa vyeti visivyo na doa.

Mistari ile mia moja na arobaini aliichapisha, akaibandika ubaoni bila jina langu. Ndani ya mwezi alikuwa na foleni. Jumamosi baada ya Jumamosi alipita nyumba sitini na mbili za wafanyakazi, akiweka faiawoli na kuwafundisha wenye nyumba kujibu maswali yake badala ya kuizima. Mhasibu alikuwa wa kwanza kujiandikisha.

Kuna jambo sijalisema kwa miaka tisa. Tangazo la kuahirisha mtihani lilitaja sababu za kiufundi. Maneno hayo alimpendekezea mkuu yeye mwenyewe. Watu wakahitimisha kwamba fundi amezembea. Wanafunzi walimzomea kwenye korido, na jina lake likaondolewa kwenye orodha ya mfanyakazi bora wa mwaka. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa nilikuwa na watoto wadogo na kazi nilikuwa naitaka. Yeye aliendelea kunisalimia kila asubuhi na kuniulizia watoto mmoja mmoja. Sijawahi kuona moyo wa aina ile, wala sidhani nitauona tena.

Juzi nilimwambia kwamba nitaandika haya. Akasema si lazima. Ni lazima, Mzee. Aliyezembea ni mimi.

Tunakushukuru sana. Kapumzike na mama na wajukuu, uwe na afya na siku nyingi za raha. Na ninyi mliofanya mtihani ule wa pili, Ijumaa akiingia ukumbini kuagwa, naomba msimame.