Picha Sitini na Tatu za Mama Kibanda

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati, Mheshimiwa Mkurugenzi, ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu, mke wangu, wanangu, nanyi wapiga picha mliokuja na kamera shingoni kama kawaida yenu:

Nawashukuru wote mlionitangulia kusema. Mmenisifu kwa miaka thelathini na moja ya kusimamia hifadhi hii ya kinamasi, na Mheshimiwa Mkurugenzi amesema kwamba katika utumishi wangu wote haikuwepo siku hata moja ya kutuaibisha. Natamani ningekaa chini na maneno hayo. Lakini siku hiyo ilikuwepo, na mimi ndiye niliyeificha.

Wakongwe mnamkumbuka Mama Kibanda. Alikuwa nesi mstaafu. Kila majira ya machipuko, ndege wadogo waimbaji wanapotua hapa kupumzika katika safari yao ndefu, yeye alikuwa wa kwanza langoni, na kigoda chake cha kukunja, chupa ya chai, na kamera iliyozungushiwa plasta ya hospitali ili isifunguke. Alikaa kwenye kibanda cha kutazamia ndege tangu alfajiri hadi saa sita, kimya, nasi tukimtania kwamba ameolewa na matete. Nani alinifundisha kumtambua yule ndege anayelia kama cherehani, ambaye haonekani kirahisi? Si chuo. Ni yeye, aliyenivuta sikio kama mtoto mtukutu, akaniambia, "Acha kumtafuta kwa macho, msimamizi. Sikiliza."

Miaka sita iliyopita tulikuwa tunangoja ugeni wa kamati. Wageni wa mwaka uliotangulia walikuwa wamelalamikia mbu, nami niliona haya. Nikaagiza matete yapigwe dawa ya wadudu. Je, sikujua kwamba ilikuwa wiki ya ndege? Nilijua. Nilidhani siku mbili tatu hazitadhuru kitu.

Siku ya tatu ikanyesha mvua kubwa. Ndege wakashuka kwa mamia, wana njaa, wakala wale wadudu waliopigwa dawa. Kesho yake Mama Kibanda aliingia ofisini kwangu bila hodi, akapanga picha mezani. Zilikuwa sitini na tatu. Kila ndege amelazwa juu ya ubao, rula pembeni yake, namba yake imeandikwa, kama alivyozoea kufanya kazi wodini.

"Ni uchovu wa safari, mama," nikamwambia. "Na mvua ile."

"Ndege akifa kwa uchovu unamkuta amekonda. Hawa wengine wana wadudu mdomoni bado. Mmepiga nini kule?"

Nikazikusanya picha nikamrudishia. Mbele ya kamati nikasema ndege wameuawa na dhoruba, na kwamba kuna bibi mmoja anayeokota mizoga huku na kule na kuipanga ili ajipatie jina. Niliyasema hayo yeye akiwa ameketi mstari wa pili. Kesho yake nikamfutia kibali cha kuingia.

Machipuko mawili yaliyofuata alisimama nje ya uzio, kando ya barabara, akijaribu kupiga picha kupitia matundu ya waya. Nilimwona kutoka dirishani. Siku moja nilishuka hadi katikati ya uwanja nikamfungulie lango; nikakumbuka kwamba kumfungulia ni kukiri, nikarudi. Mwaka wa tatu hakuja. Mdogo wake, mama huyu aliyeketi karibu na mlango, ndiye aliyeniletea habari za msiba, pamoja na bahasha.

"Dada alisema nikupe wewe," akaniambia, "kwa sababu kumbukumbu za hifadhi unazitunza wewe."

Nikashukuru. Nikaifungia kabatini. Ndani yake zilikuwa picha zile zile.

Ndugu wapiga picha, mmeniuliza mara nyingi kwa nini yule wa cherehani hasikiki tena, nami nimewapa maelezo marefu ya hali ya hewa. Sijui kama ni dawa ile peke yake. Ninachojua ni kwamba tangu wiki ile, sijamsikia hata mara moja.

Leo asubuhi nimemkabidhi anayeichukua ofisi yangu bahasha hiyo, pamoja na maelezo yenye sahihi yangu. Mheshimiwa Mkurugenzi, hukuyajua haya; niwie radhi kwa kukufedhehesha mbele za watu. Mke wangu, hata wewe sikukwambia. Nawe mama uliye pale mlangoni, sikuombi unisamehe. Niliyepaswa kumwomba nilimwacha nje ya uzio.

Ratiba inasema nikimaliza twende wote kwenye kibanda kipya, tukafunue kibao chenye jina langu. Naomba tusikifunue. Fundi seremala, nakuona kule nyuma. Kina skrubu nne. Ukitoka hapa, pitia na bisibisi.

Ahsanteni kwa kunivumilia hadi neno la mwisho.