Yesu wa Bwera Anatafutiwa Baba

RUBEN: Haloo? Ni nani?

ESPERANCE: Wasibire.

RUBEN: Wasibire, wasibire. Lakini ni nani? Namba hii siijui.

ESPERANCE: Namba huijui. Na sauti je?

RUBEN: [anabadilisha sauti, inakuwa nzito] Unataka nani?

ESPERANCE: Natafuta Ruben, wa kinu cha kahawa, hapo Kasese.

RUBEN: Aa. Ruben hayuko. Huyu ni Hakim.

ESPERANCE: Hakim.

RUBEN: Eh. Hakim. Tunafanya kazi pamoja. Aliacha simu hapa kwa... kwa chaji.

ESPERANCE: Sauti yako ni nene leo, Hakim.

RUBEN: Ni vumbi. Vumbi ya kahawa inaingia kwa koo.

ESPERANCE: Pole. Kunywa maji. Miye ni Esperance wa Bwera. Napiga na simu ya Vasta, mama wa mandazi, kwa sababu yangu Ruben hashikagi. Alikuambia habari yangu?

RUBEN: Alitaja. Kidogo.

ESPERANCE: Kidogo namna gani?

RUBEN: Alisema kuko mwanamke wa Butembo, alikimbia vita, anauza vitenge kwa soko ya Bwera, na... na iko na mudomo.

ESPERANCE: Hapo alisema kweli. Sasa yeye iko wapi?

RUBEN: Alienda Katunguru. Kutafuta samaki ya Krismasi.

ESPERANCE: Na sabuni je?

RUBEN: Sabuni gani?

ESPERANCE: Wiki sita zimepita, Hakim. Siku mutoto alizaliwa, Ruben alisimama kwa mlango wa wodi, akasema, "Naenda kununua sabuni, narudi sasa hivi." Naomba kuuliza. Hiyo sabuni inauzwa Yerusalemu?

RUBEN: [anakohoa] Mimi hayo ya sabuni siyajui, bana.

ESPERANCE: Ni kweli, wewe ni Hakim. Utajuaje? Basi sikiliza, umupelekee ujumbe. Uko na kalamu?

RUBEN: Niko na kichwa.

ESPERANCE: Mmm. Tutajaribu na hicho. Mwambie leo mutoto wake ni Yesu.

RUBEN: Ni nini?

ESPERANCE: Yesu. Wa pangoni. Kwa kanisa yetu hapa, kila Krismasi mutoto aliyezaliwa karibu-karibu na sikukuu ndiye wanalaza kwa majani. Mwaka huu walikuwa beko wawili. Mutoto wa mama Musimenta iko na miezi saba, ameota meno mbili. Juzi kwa mazoezi alimuuma Bikira Maria kidole, damu ikatoka. Katekista Yonasani akasema Yesu wa namna hiyo atatuharibia ibada. Akaja kwangu.

RUBEN: [anacheka, anajizuia] Ehe. Basi ni heshima hiyo. Ruben atafurahi.

ESPERANCE: Ngoja. Huyo huyo katekista, wiki iliyopita nilimupelekea mutoto aandikwe ubatizo wa mwaka mpya. Akafungua kitabu, akalamba kidole, akauliza, "Baba?" Nikasema alienda kununua sabuni. Akafunga kitabu.

RUBEN: Akafunga tu?

ESPERANCE: Paa! Eti mutoto hana baba, hawezi kubatizwa mpaka baba asimame mwenyewe aseme jina. Kwa hiyo mutoto wangu anafaa kuwa Yesu lakini hafai kuwa Mukristo.

RUBEN: Eh, Esperance, mambo ya dini—

ESPERANCE: Nikamuuliza, "Katekista, na huyu wenu wa pangoni, baba yake ndiye alimuandikisha?"

RUBEN: Hukusema hivyo!

ESPERANCE: Nilisema. Nikasema, "Maria angekuja kwako leo na tumbo lake, ungemufungia kitabu." Aligeuka rangi, Hakim. Mutu mweusi kama sufuria akawa mwekundu. Akasema niko na kiburi, nikatubu. Nikasema nitatubu mwaka mpya, wakati wote wanatubu, nisisumbue Mungu mara mbili.

RUBEN: [anacheka sana] Wewe! Wewe utachomwa siku moja—

ESPERANCE: Sauti yako imepona.

RUBEN: [kwa sauti nzito] Eh? Hapana. Ni... vumbi inaenda na kurudi.

[mtandao unakwaruza]

ESPERANCE: —unasikia? Haloo?

RUBEN: Nakusikia. Endelea.

ESPERANCE: Sasa nimemubana. Leo asubuhi alikuja kuchukua Yesu. Nikamwambia hapana ubatizo, hapana Yesu. Laza ndizi kwa majani, watu waabudu ndizi. Padri anafika leo, na unajua yule, mwaka mpya ikipita tunamuona tena baada ya miezi mitatu. Anakuja kubatiza siku ya mwaka mpya, lakini majina anachukua leo, kitabu kinafungwa baada ya misa. Tukavutana pale mpaka katekista akatoa jasho. Mwisho akasema, "Sawa. Leta mwanaume yeyote asimame mbele ya padri aseme, mimi ndiye baba, nitaandika."

RUBEN: Mwanaume yeyote?

ESPERANCE: Yeyote. Na nimepata.

RUBEN: Umepata nani?

ESPERANCE: Muhindo. Fundi wa viatu, yule anakaa nyuma ya soko, aliyefiwa na bibi yake. Ndiye Yosefu wa mwaka huu.

RUBEN: Muhindo! Bikira Maria!

ESPERANCE: Hakim. Tangu lini Waislamu wa Kasese wanamuita Bikira Maria?

RUBEN: Hata... hata sisi tunamuheshimu. Mariamu. Iko ndani ya Kurani, uliza mutu.

ESPERANCE: Mersi, nimejifunza.

RUBEN: Lakini Muhindo ni nani wako? Anakujia kwa nyumba? Ruben atataka kujua.

ESPERANCE: Mwambie Ruben kwamba Muhindo hajanishika hata mukono. Alikuwa anashona kiatu, akasikia nalalamika kwa Vasta. Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Kama kitabu kinataka mutu, mimi ni mutu." Ni hayo tu. Nikafikiri njiani nikirudi. Kumbe huyo Yosefu wa kweli naye alikuwa hivyo hivyo. Mutoto haikuwa yake, lakini alikuja. Kuko wengine mutoto ni yao.

RUBEN: Usiseme hivyo.

ESPERANCE: Nasema na Hakim, simsemi mutu.

RUBEN: Lakini akiandikwa Muhindo, mutoto anakuwa wa Muhindo. Kabisa. Shule, kipande cha kitambulisho, kila kitu.

ESPERANCE: Ndiyo. Maisha yote. Ndiyo maana nimepiga, Ruben asije kusema hakuambiwa. Sikumupigia nimulilie. Aje, ao akatae kwa mudomo wake, nijue. Misa ni saa kumi.

RUBEN: [kinu kinanguruma] Esperance. Mimi Hakim, nikuulize kitu.

ESPERANCE: Uliza, Hakim.

RUBEN: Ruben hakukimbia bure. Yeye aliniambia... Alisema siku ile alisimama kwa mlango wa wodi, furaha imemujaa. Alikuwa ameshachagua jina. Baluku. Mutoto wako wa kwanza, mwanaume, ni Baluku, hata mbuzi wa Kyarumba wanajua. Halafu akasikia nesi anakuuliza, "Mama, huu ni uzazi wa ngapi?" Na wewe ukasema, "Wa pili."

ESPERANCE: Alisikia.

RUBEN: Alisikia. Mwaka mzima mumekaa, hujamwambia kuko mutoto mwingine. Akasema, basi kuko na bwana mwingine Kongo, anamungoja. Siku moja bwana atavuka mupaka, atachukua bibi na watoto wawili, na mimi— na Ruben atabaki na kinu.

ESPERANCE: Kumbe ni hiyo.

RUBEN: Ni hiyo. Haikuwa sabuni.

ESPERANCE: Na hakuuliza.

RUBEN: Aliogopa jibu.

[mtoto analia]

RUBEN: Ni yeye huyo?

ESPERANCE: Ni yeye. Ngoja, nimupe ziwa. [mtoto ananyonya] Hakim, nitakuambia wewe, kwa sababu wewe sikujui.

RUBEN: Niambie.

ESPERANCE: Wa kwanza alikuwa mwanaume. Kwetu hatusemi Baluku, tunasema Paluku, ni jina moja. Niliolewa upande wa Beni, tukalima kule. Baba yake alibaki shambani siku walipokuja. Usiniulize walikuja kina nani. Mutoto alikuwa na miezi ine. Nilimubeba siku tatu. Alishikwa na homa njiani, kabla ya kufika mupaka wa Kasindi, na pale hapakuwa hata na jani la kuchemsha.

RUBEN: Esperance—

ESPERANCE: Hakubatizwa. Nilitafuta padri. Padri alikuwako, Hakim, kwa barabara hiyo hiyo. Lakini alikuwa mbele yetu, anakimbia na kanzu ameishika juu ya magoti, na mbio zake zilishinda zetu. Nikaita, "Padri! Padri!" Labda hakusikia. Simlaumu, miguu ni miguu. Tulimuzika pembeni. Nikamuuliza katekista, mutoto kama huyo anakaa wapi. Akasema, Mungu anajua. Nikamwambia najua kwamba Mungu anajua. Mimi ndiye sijui.

RUBEN: Pole. Pole sana.

ESPERANCE: Sasa unaona kwa nini namupigania huyu. Watu wanafikiri napenda sherehe. Sitaki nguo nyeupe, sitaki keki. Nataka maji tu, kwa kichwa, kabla sijabeba mutoto tena kwa barabara yoyote. Na jina lake ni Kambale. Ni jina la wa pili. Katekista alitaka kuandika Paluku, eti watu wasihesabu. Nikasema wahesabu. Nikimuita huyu Paluku, yule atakuwa nani?

[mtandao unakwaruza]

RUBEN: —Ruben hakuniambia haya. Kwa nini hukumwambia Ruben?

ESPERANCE: Alikuwa anacheka sana, Ruben. Mutu wa kucheka. Mwaka mzima nilitafuta siku ya kumuharibia kicheko, nikakosa.

RUBEN: [anapenga kamasi]

ESPERANCE: Vumbi?

RUBEN: Vumbi.

ESPERANCE: Hakim, Vasta ananiangalia vibaya, naona inite yake ya simu inaisha. Nipe jibu moja la kupeleka kanisani. Katekista anazunguka hapa kama kuku anataka kutaga.

RUBEN: Usimuandike Muhindo.

ESPERANCE: Nani anasema?

RUBEN: Esperance, wacha.

ESPERANCE: Hapana, nauliza kwa sababu padri atauliza. Hawezi kuandika "sauti kwa simu." Nani anasema?

RUBEN: [kinu kinanyamaza] Mimi. Uko hapo?

ESPERANCE: Niko.

RUBEN: Unanisikia, Mama Kambale?

ESPERANCE: Umeniita nani?

RUBEN: Umesikia.

ESPERANCE: Mtandao umekwaruza. Rudia.

RUBEN: Haukukwaruza. Mama Kambale, nimesema. Sasa ni saa ngapi?

ESPERANCE: Saa saba imepita. Takisi za Bwera leo zimejaa, watu wanakaa juu ya kreti za soda.

RUBEN: Nitakaa juu ya dereva. Nimefunga kinu, wewe hukusikia? Bosi anapiga kelele huko, mwache apige. Padri asianze!

ESPERANCE: Padri hangoji mutu, namujua.

RUBEN: Basi mwambie Yesu alie! Mufinye kidogo! Misa haiwezi kuanza Yesu akilia—

ESPERANCE: Sasa ni mimi nitachomwa?

RUBEN: Wote wawili! Nakimbia, niko kwa barabara, nasimamisha boda— Wewe! Wewe, simama! Bwera! Ndiyo, Bwera, mpaka kanisani!

ESPERANCE: Ruben, sikia, inite—

RUBEN: Nasikia!

ESPERANCE: Muhindo yeye ameshavaa kanzu ya Yosefu. Tangu asubuhi. Amenyoa na ndevu, amesimama kwa mlango wa kanisa, anangoja—

RUBEN: Mwambie avue!

[simu inakatika]