Dobi Aliyepima Maji kwa Sabuni

Wasikilizaji wapendwa, haya nimesimuliwa na mkwe wa marehemu, Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi. Tulikaa ukumbi wa nyuma wa nyumba yao, katikati ya mabeseni. Yeye alikuwa anachambua mbegu za nyanya kwenye sinia. Mimi nilikuwa nasikiliza. Kwa hiyo nikikosea mahali, kosa ni la masikio yangu, si la mdomo wake.

Tunayemkumbuka leo ni dobi. Alifua nguo za watu miaka arobaini na mmoja. Narudia, arobaini na mmoja. Mtaa mzima ulimwita Povu, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa na kinywa, jamani! Mtu akileta shati lenye madoa, humuuliza, "Bwana wee, hili ulilivaa au ulilipikia?" Na mteja anacheka, anaacha shati, na kesho analeta mengine.

Povu alifua kwa maji ya mvua tu. Alikuwa na tangi kubwa chini ya paa, na kila asubuhi alisugua sabuni kwenye kikombe cha maji kabla hajagusa nguo hata moja. Alisema, "Maji yasiyotoa povu hayana adabu."

Mkwe wake aliolewa pale miaka tisa iliyopita. Mumewe, mtoto wa Povu, ni dereva wa lori. Kila mwezi, wiki tatu yuko njiani. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu watatu: dobi, mke wake na mkwe wao. Huyu binti alikuwa na bustani nyuma ya kamba za kuanikia. Nyanya, pilipili hoho na spinachi. Mboga zake zilikuwa zinakwenda jiko la hospitali, na alijivunia jambo hilo, maana wagonjwa walikuwa wanakula jasho lake.

Zamani alimwagilia kwa maji ya kijito. Kijito kikakauka. Wakachimba kisima kirefu, maji yakatoka meupe kama kioo, baridi, matamu. Watu wakashangilia. Na tangu siku ile, wasikilizaji, bustani ikaanza kuugua.

Majani yalikuwa ya manjano, na mishipa yake tu ndiyo ya kijani. Mkwe aliniambia, "Bibi, jani lilikuwa kama samaki aliyeliwa, umebaki mwiba."

Akaongeza mbolea ya dukani. Manjano. Akaongeza samadi. Manjano. Ndipo Povu akaingilia kati.

"Mwanangu, hiyo dawa yake ni jivu. Jivu halijawahi kuniangusha."

Na jivu lilikuwepo tele, maana alikuwa anapiga pasi ya mkaa. Kila jioni alikung'uta jivu la pasi kwenye mashina, kwa mapenzi kabisa, huku anaimba. Miche ikazidi kudhoofika. Msimu wa kwanza ukapotea. Wa pili ukapotea.

Barua ikaja kutoka kiwanda cha kushona nguo, safari ya siku mbili kutoka pale. Nafasi ya kazi ipo, mkwe aje. Mkwe akaenda jikoni, akamkuta mama mkwe anamenya viazi.

"Mama, msimu huu nao ukikataa, itabidi niende."

Mama aliendelea kumenya kiazi mpaka kikawa kidogo kama gololi. Wazee hawa hawakujaliwa binti wa kuzaa. Binti wao alikuwa ndiye huyu. Na Povu, aliyekuwa upande wa pili wa ukuta na pasi mkononi, alisikia. Siku hiyo aliunguza kola ya shati la daktari. Mara ya kwanza katika miaka arobaini na mmoja.

Bibi shamba, yaani yule mtaalamu wa kilimo, aliitwa. Akachukua udongo, akaenda nao kupima. Akarudi amekunja uso.

"Udongo wenu hauna njaa. Madini ya chuma yamo. Fosforasi imo. Chakula kimejaa."

"Sasa bibi," Povu akasema, "sufuria imejaa, mbona wageni wanazimia kwa njaa?"

"Hilo ndilo linalonisumbua, mzee. Kuna kitu kinafunga mlango."

Wiki ileile tangi la mvua likaisha. Povu, kwa mara ya kwanza, akateka maji ya kisima kufulia. Akasugua sabuni. Hakuna povu. Akasugua tena. Yakatoka mabonge meupe kama maziwa yaliyokatika, yakaganda ukingoni mwa beseni.

"Jamani, njooni! Maji haya ni magumu!"

Mkwe akaja anacheka, ingawa moyoni hakuwa na cheko. "Baba, maji nayo yanakuwaje magumu? Umeyang'ata?"

"Usiniulize mimi. Iulize sabuni."

Kisha akanyamaza. Na Povu kunyamaza, wasikilizaji, lilikuwa jambo la kuogopesha. Alitazama beseni, akatazama bustani, akatazama beseni.

"Mwanangu, kama maji haya yameizuia sabuni isitoe povu, mbolea nayo itafanyaje kazi?"

Bibi shamba akarudi na vipimo vyake, safari hii akapima maji. Alipiga goti pale pale kando ya beseni. Maji ya kisima yalikuwa yamebeba chokaa tele. Yanaonekana meupe, ni matamu, mtu anayanywa bila shida. Lakini ukimwagilia kila siku, chokaa ile inabadilisha udongo, inavifungia chuma na fosforasi ndani. Mizizi inagusa chakula, haiwezi kukila. Narudia kwa faida ya wakulima: chakula kimo, ila maji yamekifungia.

Mkwe akauliza, "Na jivu je?"

"Jivu? Jivu na chokaa ni ndugu wa tumbo moja. Nani tena kaweka jivu?"

Povu angeweza kukohoa akaondoka. Ni mzee, ni baba mkwe, nani angemuuliza? Lakini alivua kofia.

"Ni mimi. Nimekuharibia kwa mkono wangu, mwanangu. Nisamehe."

Mkwe aliponisimulia hapa, mikono yake iliacha kuchambua mbegu. "Bibi," akaniambia, "baba yangu mzazi hajawahi kuniomba msamaha hata kwa kunikanyaga."

Siku tatu baadaye mvua ikanyesha, tangi likajaa mpaka juu. Povu akalifungulia bustani. Tangi lote! Nguo za wateja akazifunga kwenye baiskeli, akawa anazipeleka kufulia kwa rafiki yake, ng'ambo ya mji, kupanda kilima na kushuka. Mkewe akamwambia, "Mume wangu, utavunjika mgongo kwa ajili ya nyanya." Akajibu, "Nguo ikichelewa, mwenyewe atalalamika. Mche ukichelewa unakufa kimya kimya."

Mstari mmoja waliuacha kwa maji ya kisima, wapate kulinganisha. Mingine yote ikanywa mvua. Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna. Wiki ya tatu, mkwe alipita asubuhi na kopo mkononi, akainama. Majani ya chini yalikuwa bado ya manjano, hayo hayakupona. Lakini kileleni yalikuwa yamechipua majani machanga, ya kijani, kijani hasa. Ule mstari wa kisima ulibaki na mwiba wake.

Hakupiga kelele. Aliingia ndani, akachukua kalamu, akawaandikia wa kiwandani kwamba haji.

Mpaka leo wanachanganya, ndoo mbili za mvua kwa moja ya kisima, kama bibi shamba alivyowapimia. Majirani nao wameiga. Jivu la pasi linamwagwa shimoni.

Povu alituaga Alhamisi ya wiki juzi, akiwa na miaka sabini na mitatu. Mazikoni mpishi wa hospitali alisema neno moja tu: "Asante, mzee." Akaketi.

Nasi tunasema asante. Mama mjane, mkwe, na wewe dereva kama unatusikia huko barabarani, poleni sana. Mungu awashike mkono. Na sisi tuliobaki tujiulize, ni mara ngapi tumeulaumu udongo bila kuyauliza maji? Na tukigundua kwamba jivu tulimwaga wenyewe, tutavua kofia?

Mkwe aliniambia na hili. Tangu mazikoni mama hakupata usingizi. Jumapili alasiri, wageni wameondoka, alijilaza kwenye mkeka pale ukumbini, na binti akaendelea kupanda miche hatua chache kutoka pale. Kila akifumba macho, mama alishtuka.

"Upo?"

"Nipo, mama."

Baada ya kitambo tena, "Upo, mwanangu?"

"Nipo. Siendi popote."

Binti akapanda mche, akaufukia, akasubiri kuulizwa mara ya tatu. Hakuulizwa. Alipogeuka, mama alikuwa amelala.